Mwongozo wa Mwalimu na Masikio ya Darasa: Uhakiki wa Vifaa vya Kufundishia Kusoma Kiswahili kwa Kuzingatia Hali ya Likuyani

1. Utangulizi

Katika mijadala ya elimu nchini Kenya, mwongozo wa mwalimu huhesabiwa kuwa kifaa tu, mfano wa chaki na ubao. Huulizwa kama umefika shuleni au haukufika, kama unawatosha walimu au hauwatoshi. Ni nadra kuulizwa unasema nini, unasema na nani, na unanyamazia nini. Jambo hili ni la kusikitisha, kwa sababu mwongozo ni matini kama matini nyingine. Una msemaji, una msikilizaji aliyekusudiwa, una mtindo wake wa sentensi, na una dhana zake juu ya lugha ambazo aghalabu hazitajwi. Riwaya moja iliyoteuliwa kutahiniwa katika kidato cha nne huandikiwa tahakiki zisizohesabika. Kitabu kinachoamua kila asubuhi kitakachotamkwa mbele ya watoto wa darasa la kwanza hakijapata mhakiki.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza mwongozo wa kufundishia kusoma Kiswahili katika madarasa ya chini kwa jicho la uhakiki na la isimu. Kipimo kitakachotumika ni hali ya lugha ya Likuyani, katika kaunti ya Kakamega. Hoja yenyewe ni hii: mwongozo umemfaa mwalimu kwa kumpangia kazi, lakini umemnyima sababu za kazi hiyo. Pale ambapo sauti za lugha ya mtoto hazilingani na mpangilio wa kitabu, mwalimu asiyepewa sababu hana njia ila kuirudia amri ileile kwa sauti kubwa zaidi.

2. Mwongozo kama matini

Mwongozo unaompangia mwalimu somo hatua kwa hatua si jambo geni nchini. Mwaka 1957 kilianzishwa Nairobi Kituo Maalumu kilichozaa Mbinu Mpya ya Msingi, yaani utaratibu wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwa vitabu vilivyoandamana na maelezo marefu ya mwalimu. Mbinu hiyo ilionekana kufaulu katika shule chache za mwanzo zilizosimamiwa kwa karibu. Ilipoenezwa kwa haraka kuliko uwezo wa kuwafunza na kuwasimamia walimu, nguvu yake ilipungua.

Fikra iliyokuwa nyuma ya miongozo ya namna hiyo ilielezwa vizuri na C. E. Beeby, aliyekuwa mkurugenzi wa elimu wa New Zealand, katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu ubora wa elimu katika nchi zinazoendelea. Kwa mujibu wa Beeby, mfumo wa shule hupanda ngazi kwa ngazi kufuatana na elimu ya jumla ya walimu wake na mafunzo yao ya kazi. Mwalimu mwenye elimu ndogo hutegemea kitabu, na mtu akimpokonya kitabu hicho kabla ya wakati wake humwacha hana pa kushika. Hoja hii ina uzito, na wanaoibeza huwa hawajapata kusimama mbele ya watoto sitini. Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba mwalimu wa shule ya msingi wa Kenya ya leo siye aliyefikiriwa na Beeby. Amemaliza sekondari, amepita chuo cha ualimu, na si haba waliojiongezea stashahada na shahada. Mwongozo ungali unasema naye kana kwamba ni mwaka 1966.

Mfano mkubwa wa karibuni ni mradi wa Tusome, ulioenezwa katika shule za msingi za umma nchini kote kuanzia mwaka 2015 kwa fedha za Marekani na Uingereza, baada ya majaribio yaliyoanza mwaka 2011. Mradi huo ulishughulikia kusoma kwa Kiingereza na kwa Kiswahili katika madarasa matatu ya kwanza. Kila mtoto alikusudiwa kupata kitabu chake, kila mwalimu mwongozo wake, na maafisa wa kusaidia mtaala walitembelea madarasa wakiwa na vishikwambi vya kurekodi walichokiona. Si haki kuukana ufanisi wake. Utafiti wa Benjamin Piper na wenzake uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha makundi ya shule katika majaribio hayo, ukaonyesha kwamba mafunzo ya walimu peke yake yalileta matokeo madogo, na kwamba matokeo yalikuwa bora pale vitabu vya watoto na miongozo iliyopangwa vilipoongezwa. Anayeudharau mwongozo hana budi kuujibu ushahidi huo kwanza.

Lakini mwaka huohuo Piper na wenzake wengine walichapisha uchunguzi wa miongozo ya miradi 19 katika nchi 13, wakaona kwamba ile iliyomwandikia mwalimu maneno mengi mno ya kutamka haikuleta matokeo mazuri kama ile iliyompa muundo tu. Walimu wa Kenya waliochunguzwa walionekana pia kuubadili mwongozo walipokuwa wakiutumia. Kwa hiyo watetezi wa mwongozo wenyewe wamekwisha kukiri kwamba maneno mengi si msaada mwingi. Lililosalia ni kuuliza ni maneno gani yaliyokosekana.

Mtu akiisoma miongozo ya namna hii kama asomavyo matini yoyote, jambo la kwanza litakalomshtua ni hali ya vitenzi. Karibu vyote ni vya amri: onyesha, tamka, uliza, rudia, waambie. Viunganishi vya sababu na vya sharti ni haba sana. Ni vigumu kukutana na sentensi inayoanza kwa "ikiwa watoto watatamka hivi", na ni vigumu zaidi kukutana na "kwa sababu". Muundo wa somo nao ni wa hatua tatu zinazojulikana: mwalimu hutenda kwanza, kisha hutenda pamoja na watoto, kisha watoto hutenda peke yao. Muundo huu ni mwepesi kukumbukwa na una busara yake. Umejengwa, hata hivyo, juu ya dhana mbili zisizotajwa. Ya kwanza ni kwamba mdomo wa mwalimu na kitabu ni kitu kimoja. Ya pili ni kwamba sikio la mtoto halina lugha yake. Likuyani yazikana dhana zote mbili.

3. Hali ya lugha ya Likuyani

Likuyani iko kaskazini mwa kaunti ya Kakamega, inapopakana na Trans Nzoia, Uasin Gishu na Bungoma. Kama eneo bunge ilimegwa kutoka Lugari, ikapiga kura ya kwanza kwa jina lake mwaka 2013, na wadi zake ni Likuyani, Sango, Kongoni, Nzoia na Sinoko. Sehemu hizi zilikuwa miongoni mwa nyanda za walowezi wa Kizungu. Wakati wa uhuru mashamba makubwa yaligawanywa ili wakaaji wapya wapate ardhi, na waliokuja walitoka pande mbalimbali za Uluhya: Wabukusu na Watachoni, Wamaragoli waliotoka kwao kulikosongamana, na wengineo. Hivyo mahindi ya Likuyani hupandwa na majirani ambao babu zao hawakuzungumza lahaja moja. Katika masoko ya mpakani kama Matunda, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote.

Sera ya lugha shuleni haikuyatazamia mazingira ya namna hii. Tangu ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976, msimamo umekuwa kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na mtaala wa umilisi ulioanza kutumika mwaka 2019 uliendeleza nafasi ya lugha za kienyeji katika gredi tatu za kwanza. Chini ya sera hiyo kuna picha ya nchi yenye mji uliochanganyika na mashamba yenye lugha moja. Likuyani ni mashamba yaliyochanganyika. Kusema kwamba lugha ya eneo ni Luluhya hakutatui tatizo, kwa maana jitihada za kuziandika lahaja hizo kwa usanifu mmoja, zilizofanywa katika miaka ya 1940, hazikukubaliwa na wote, na Wabukusu na Wamaragoli walikuwa miongoni mwa waliosita. Majaribio yaliyotangulia Tusome yalitengeneza vitabu vya kusomea vya Lubukusu. Hilo lilikuwa jambo jema kwa Bungoma, ila kwa darasa la Likuyani lingekuwa jibu la nusu ya madawati.

4. Herufi rahisi na sauti rahisi

Utaratibu uliozoeleka wa kufundisha kusoma Kiswahili huanza na irabu, ukaja kwenye konsonanti moja na irabu, yaani *ba be bi bo bu*, *da de di do du*, na kufikia mwisho silabi za konsonanti mbili kama *mba*, *nda* na *nga*. Mantiki yake ni ya macho: herufi moja ni nyepesi kuliko mbili. Mantiki hiyo ikipelekwa kwenye sikio la mtoto wa Kibukusu, hupinduka.

Lubukusu hakina vipasuo ghuna /b/, /d/ na /g/ vinavyosimama peke yake. Kina /p/, /t/ na /k/, na herufi *b* ya maandishi yake huwakilisha kikwamizo cha midomo, si kipasuo. Ughuna wa vipasuo hutokea baada ya nazali tu, katika *mb*, *nd* na *ng*. Vivyo hivyo lugha hiyo haina /v/ wala /z/ za Kiswahili. Ndiyo maana *duka* huweza kusikika kama *tuka*, *gari* kama *kari*, na *vitabu* kama *fitapu*, ilhali mtoto huyohuyo hupata *d* ya *ndege* na *g* ya *ngoma* bila taabu. Kwake silabi inayoitwa changamano ndiyo nyepesi, na silabi inayoitwa sahili ndiyo ngumu. Kitabu kinamtaka apande mlima kwanza, halafu kinampongeza kwa kutembea bondeni.

Mtoto wa Kimaragoli aliyeketi ubavuni mwake hana shida hiyo. Lulogooli kina /d/ na /g/ zisizohitaji nazali. Pale Mbukusu asemapo *khukona*, yaani kulala, Mmaragoli husema *kugona*. Pale wa kwanza asemapo *khuteekha*, yaani kupika, wa pili husema *kudeka*. Mwongozo unawaagiza wote wawili waitamke silabi *da* mara tatu. Mmoja anarudia anachokijua, na wa pili anarudia asichokisikia. Mwalimu asiyeelezwa tofauti hii atahukumu kwamba wa kwanza ni mwerevu na wa pili ni mzito, na hukumu hiyo ikitolewa mapema haiondoki upesi.

Huenda ikasemwa kwamba hili ni suala la lafudhi tu, na kwamba lafudhi ya bara si kosa. Ni kweli kwamba lafudhi si aibu, na mtu mzima wa Likuyani asemaye kwa lafudhi ya kwao anaeleweka na anastahili heshima. Lakini katika kujifunza kusoma, lafudhi hugusa maana na tahajia. Kiswahili kina jozi nyingi za maneno yanayotofautishwa na ughuna peke yake: *bata* na *pata*, *doa* na *toa*, *goma* na *koma*, *zana* na *sana*. Aliyevua nguo na aliyefua nguo hawakufanya kazi moja. Mtoto asiyezitofautisha sauti hizi kwa sikio hana msingi wa kuzitofautisha kwa kalamu. Tena akishakemewa vya kutosha kwa kusema *tuka*, huanza kuiogopa *t* yenyewe, akaiandika *bata* palipotakiwa *pata*. Kosa la namna hii halitokani na lugha ya mama. Limezaliwa na mafundisho.

Tatizo linaingia hata katika upimaji. Miradi ya kusoma hupima idadi ya maneno ambayo mtoto huyasoma sawasawa kwa dakika moja. Mtoto akilisoma neno *duka* kama *tuka*, mtathmini aweza kuamua kwamba amelisoma neno, ila kwa lafudhi yake. Akilisoma neno *vua* kama *fua*, je, ni lafudhi au ameshindwa kulitambua neno? Swali hili halijibiki bila kujua mfumo wa sauti wa mtoto, na hapana kishikwambi kitakachomjibia afisa asiyeujua.

Dawa ya jambo hili haidai fedha nyingi. Ikiwa ughuna unapatikana baada ya nazali, basi njia ya kuifikia *d* ya *duka* huanzia *nd*. Sarufi ya Kiswahili yenyewe imekwisha kuandaa zoezi, kwani majina ya ngeli ya N yakitiwa katika hali ya ukubwa huacha nazali: *ndege* hupata *dege*, *ngoma* hupata *goma*, *mbuzi* hupata *buzi*. Mtoto akicheza na majina haya atajikuta ameitamka *d* iliyovuliwa nazali kabla hajaambiwa kwamba ni ngumu. Kifonetiki daraja hili si kamili, kwa sababu katika Kiswahili cha pwani *b* ya *mbuzi* haitamkwi sawa kabisa na *b* ya *baba*. Hata hivyo ughuna wenyewe unavuka, nao ndio unaotafutwa. Mwalimu anayeijua sababu aweza kulibuni zoezi hili katika dakika tano. Asiyeijua hatalibuni hata akipewa mwongozo wa kurasa mia nne.

Tena sauti si mwisho wa habari. Katika ngeli, mtoto wa Kimaragoli huleta *kitabu* na *vitabu* tangu nyumbani kwao, na viambishi vyake vinapatana na vya Kiswahili. Mtoto wa Kibukusu huleta *sitabu* na *bitabu*. Wote wawili wanaujua upatanisho wa kisarufi kuliko mtoto yeyote ambaye lugha yake haina ngeli. Tofauti yao na Kiswahili ni ya umbo la kiambishi tu. Mwongozo unaofundisha *ki-* na *vi-* kama jambo jipya unatupa akiba ambayo watoto wamekuja nayo.

5. Mwalimu na mafunzo ya kazini

Hapa yafaa kuitazama dhana ya kwanza iliyotajwa, kwamba mdomo wa mwalimu na kitabu ni kitu kimoja. Mwalimu wa Likuyani mara nyingi ni mwana wa sehemu hizohizo. Huenda *b* yake mwenyewe ni *p*. Hatua ya kwanza ya somo, ambayo mwalimu hutenda na watoto husikiliza, inampa mzigo ambao hakuna aliyemsaidia kuubeba. Kulitaja jambo hili kwa heshima ni wajibu, kwa sababu kulificha kumewaacha walimu wengi wakilitatua kwa njia ya aibu: kulipita haraka neno linalowasumbua, au kumwita mwanafunzi mwenye ulimi mwepesi alitamke badala yao.

Mahali pa kulishughulikia pangekuwa mafunzo ya kazini. Vituo vya Ushauri wa Walimu vilianzishwa kwa nia kwamba walimu wa eneo moja wakutane, watengeneze vifaa na kujadili matatizo yao. Wakufunzi wa vituo hivyo baadaye walifanywa maafisa wa kusaidia mtaala, na chini ya Tusome kazi yao kubwa ikawa kuona kama somo linafuata mwongozo. Kufuata mwongozo ni jambo linaloweza kuhesabiwa, na linalohesabika hulifukuza lisilohesabika. Afisa aliyeweza kuwa mwanaisimu wa eneo lake amegeuzwa karani wa hatua tatu.

Tume ya Kuwaajiri Walimu ilipozindua mpango wa maendeleo ya kitaaluma ya walimu mwaka 2021, mjadala mwingi wa hadharani ulielemea ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka na swali la nani ailipe. Malalamiko ya walimu yalikuwa na msingi. Lakini swali la mafunzo yenyewe yatakuwa na nini kwa mwalimu wa Kiswahili wa gredi ya kwanza, katika mahali maalumu na penye lugha maalumu, lilipata nafasi ndogo. Mafunzo yanayowafaa walimu wote wa masomo yote yana hatari ya kutomfaa yeyote katika somo lake.

6. Hitimisho

Lawama ya upungufu huu haiwaangukii waandishi wa miongozo peke yao. Mwandishi wa mwongozo wa taifa hawezi kuzijua sauti za kila kijiji, wala haiwezekani kuchapa mwongozo kwa kila wadi. Ujuzi wa kulinganisha Kiswahili na lahaja za Luluhya upo. Umo katika tasnifu na majarida ya idara za lugha za vyuo vikuu, umeandikwa kwa istilahi ambazo mwalimu wa Kongoni au Sinoko hakuandikiwa, na mara nyingi kwa Kiingereza. Idara hizo zimejifunza kutoka kwa wasemaji wa lugha hizi kwa muda mrefu, na bado hazijawarudishia kitu.

Kinachohitajika si kuutupa mwongozo. Ni kuuongezea kurasa chache za sababu, na kuziacha kurasa hizo zitofautiane kutoka eneo hadi eneo: sauti ambazo mtoto wa hapa anazo, zile asizokuwa nazo, mahali zinapojificha katika lugha yake, na jozi za maneno za kuzizoeza. Ni kumpa mwalimu ruhusa iliyoandikwa ya kubadili mfuatano wa silabi pale sababu inapomruhusu. Ni kumrudishia afisa wa mtaala kazi ya kusikiliza. Kijitabu cha kurasa kumi na mbili juu ya Lubukusu, Lutachoni, Lulogooli na Kiswahili, kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi na wanaisimu wakishirikiana na walimu, kingeweza kuifanya kazi hii katika Likuyani nzima.

Hofu kwamba mwalimu aliyepewa sababu atauacha mwongozo ina ukweli fulani, kwani utafiti umekwisha kuonyesha kwamba huubadili hata sasa. Tofauti ni kwamba sasa anaubadili kwa kubahatisha. Mwalimu wa Likuyani anafundisha mahali ambapo lugha tatu au nne za jamii moja hukutana katika dawati moja, hali ambayo mwanaisimu angesafiri mbali kwenda kuichunguza. Asipopewa ujuzi wa kuisikia hali hiyo, mtoto asemaye *tuka* ataendelea kuhesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma, kwa kosa la kitabu kilichopangwa kwa macho.